Je, Wimbo ni Dawa ya Uchovu?

Katika lugha yetu neno moja, kuchoka, hutumika kwa mambo mawili yasiyofanana. Mtu aliyelima tangu alfajiri hata jua kuwa utosini husema amechoka, naye ana haki ya kusema hivyo. Tena uchovu wake u karibu na furaha, maana akiketi kivulini na kunywa maji huona viungo vyake vyamrudia kimoja kimoja. Akila na kulala, asubuhi ni mtu mpya. Lakini yuko mwingine ambaye hakulima, wala hakubeba mzigo, wala hakusafiri, naye huamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Akijikaza akaenda kisimani mara moja, kesho yake au kesho kutwa huanguka kitandani kana kwamba alipigwa. Hana jeraha la kuonyesha, wala uvimbe, wala homa ya kupimwa. Majirani humtazama juma la kwanza kwa huruma, mwezi wa kwanza kwa subira, na mwaka wa kwanza ukiisha humwita mvivu.

Habari ya mtu huyu wa pili ndiyo tunayotaka kuiandika mwezi huu, pamoja na neno lisemwalo sana siku hizi, yaani kwamba muziki ni dawa, na ya kuwa mtu wa namna hiyo aweza kutibiwa kwa nyimbo. Walimu wa kwaya hufurahi kulisikia neno hilo, nasi hatushangai, maana kila fundi hupenda kuambiwa kwamba chombo chake chaponya. Lakini twaona ndani yake mna swali ambalo si jepesi. Je, ni halali kumpa mgonjwa kitu kinachomtuliza bila kumponya, na kukiita dawa?

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Waganga wa hospitali wauita ugonjwa wa uchovu wa kudumu, jina lililotolewa Marekani mwaka 1988, na wagonjwa wengi hawalipendi, kwa sababu kila asikiaye neno uchovu hudhani anaujua. Mara nyingi huanza baada ya homa au mafua mabaya: wengine wote nyumbani wapona, huyu haponi. Alama yake kubwa si kuchoka tu, bali ni kwamba kila kazi ipitayo kipimo chake, hata kuoga, hata kuzungumza na wageni, humrudisha nyuma kwa siku nyingi au majuma, na adhabu hiyo huja imechelewa, pengine siku nzima baada ya kazi kwisha. Usingizi haumburudishi. Maneno humpotea kinywani, akisimama moyo humwenda mbio, na wengine hawavumilii mwanga wala sauti. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa Marekani, baada ya kupima maandiko mengi ya uchunguzi, lilitangaza kwamba huu ni ugonjwa wa kweli, mzito, unaoshika mwili mzima, na ya kuwa katika nchi yao peke yake wenye kuugua hukadiriwa kuwa kati ya watu 836,000 na milioni 2 na nusu. Tangu ugonjwa wa Korona uenee mwaka 2020, watu wengi katika kila bara wamebaki na uchovu unaofanana sana na huo. Dawa iliyothibitishwa kuuponya haipo.

Kabla ya kufikia neno hilo la mwaka 2015 wagonjwa walipita njia ndefu. Mwezi wa Julai mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free huko London, wauguzi na waganga wenyewe walianza kuugua mmoja baada ya mwingine. Walishikwa na udhaifu wa viungo, maumivu, kizunguzungu, na uchovu usioelezeka. Walioanguka wakapita 290, na hospitali ikafungwa mpaka mwezi wa Oktoba. Wengi walipona, wengine walibaki dhaifu kwa miaka. Kisha mwaka 1970 waganga wawili wa akili waliyachungua maandishi ya habari ile, bila kuwapima wagonjwa wenyewe, wakaandika katika gazeti la waganga wa Uingereza kwamba yale yote yalikuwa hofu tu, iliyoenea kutoka mtu hata mtu. Na sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba wengi wa walioanguka walikuwa wanawake. Neno hilo likashika mizizi. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyekwenda kwa mganga akisema, Nimechoka, alirudishwa nyumbani na shauri la kujikaza.

Hatuandiki hayo ili kuwasuta waganga wawili wa mbali. Vijijini kwetu wako wengi wafanyao vivyo hivyo bila shahada yo yote. Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ya kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi twazikariri mithali hizi kwa watoto darasani, kisha jioni twapita mbele ya nyumba ya mgonjwa wetu na kuulizana kwa sauti kama ameshaamka.

Sasa tuje kwenye wimbo. Kwamba wimbo hupunguza uchovu si habari ngeni kwetu. Babu zetu walijua kabla ya chuo cho chote kufundisha. Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja huimba, na michi hupokezana kwa mwendo wa wimbo. Wavuvi wakivuta juya huimba, wapiga makasia huimba, watu wanaosukuma jahazi kulitia majini huimba, na kiongozi wao huchagua wimbo kwa kadiri ya uzito wa kazi. Wimbo ukikatika, mikono hulegea. Wataalamu wa siku hizi wameeleza jinsi inavyokuwa: mdundo huipatanisha mikono na miguu, pumzi hupata utaratibu wake, na mawazo ya mtu yakishikwa na wimbo hayasikilizi sana malalamiko ya misuli. Hata watu waliopooza upande mmoja kwa kiharusi wamesaidiwa kujifunza tena kutembea kwa kufuatisha mdundo. Hayo yote ni kweli, na mwalimu wa kwaya ana haki ya kujivunia.

Lakini hapo ndipo penye shida ambayo wasifuo muziki hawaitaji. Wimbo wa kazi hauongezi nguvu mwilini. Humsahaulisha mtu kwamba nguvu zake zapungua. Kwa mkulima mwenye afya hilo ni jema, maana anachokikopa mchana hukilipa usiku kwa usingizi. Kwa mgonjwa wetu ni deni lenye riba. Mwimbie kwa vifijo, mpigie makofi, mwambie asimame acheze kidogo. Naye atasimama, maana wimbo una nguvu juu yake kama ulivyo na nguvu juu yetu. Watu watasema, Tazameni, kumbe si mgonjwa! Siku ya tatu wote wako mashambani, wala hakuna amwonaye amelala gizani hawezi kuinua kikombe. Wimbo ulimpitisha kipimo chake, na waimbaji hawakuwapo siku ya malipo.

Wala hatusemi jambo la kubuni. Huko Uingereza wagonjwa hawa kwa miaka mingi walipewa mazoezi ya mwili yaliyoongezwa hatua kwa hatua, kila mara zaidi kidogo, kwa kudhani kwamba viungo vyao vimesahau kazi tu. Mwaka 2011 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilichapa uchunguzi uliosema kwamba njia hiyo yafaa. Wagonjwa walilalamika kwamba wanazidi kuumia. Wataalamu wengine wakazipima upya hesabu zile, wakazikosoa. Hata mwezi wa Oktoba mwaka 2021 baraza lenye kuwaongoza waganga wa Uingereza, liitwalo NICE, likaagiza kwamba mazoezi ya namna ile, yaongezwayo kwa kipimo kilichopangwa mbele, wasipewe tena wagonjwa hao. Badala yake mgonjwa asaidiwe kukijua kipimo chake na kukaa ndani yake. Watu waliteseka miaka mingi kwa ajili ya tiba iliyotolewa kwa nia njema. Basi kila aletaye muziki kama dawa yampasa aulizwe kwanza: Waleta wimbo wa kinu, au wimbo wa kitanda?

Maana nyimbo zina kazi mbalimbali. Mama yule yule aimbaye mchana akitwanga, usiku humbembeleza mtoto kwa wimbo mwingine, nao haumtaki mtoto atende neno lo lote. Haumwinui, haumpeleki mahali, hauhesabu matokeo. Na ajabu yake ni kwamba wimbo huo wa kubembeleza, ambao wataalamu wa muziki wangeweza kuudharau, ndio uliochaguliwa na waimbaji wakubwa wa London walipotaka kuwasaidia wagonjwa. Mwaka 2020 chama cha waimbaji kiitwacho English National Opera kilishirikiana na waganga wa hospitali za Imperial College kuwafundisha watu walioachwa na Korona wakiwa na pumzi fupi. Walikutana kwa njia ya intaneti, kila mtu nyumbani kwake, kwa majuma sita, wakifundishwa kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, na kuimba nyimbo za kulazia watoto, kwa kuwa nyimbo hizo zatuliza na kila mtu aziweza. Watu 150 walipimwa, karibu nusu yao wakifundishwa kuimba na waliosalia wakiendelea na matibabu ya kawaida, na matokeo yakachapwa mwaka 2022. Walioimba walipata nafuu ya moyo na akili kuliko wenzao, na shida ya pumzi ikapungua kwa sehemu. Lakini kipimo cha afya ya mwili hakikuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili. Twawasifu waliofanya uchunguzi huo kwa sababu waliandika yote mawili, wala hawakuficha la pili ili la kwanza lipendeze.

Vivyo hivyo kwa wagonjwa wa saratani. Mwaka 2021 wataalamu waliokusanya majaribio mengi pamoja walisema kwamba muziki huenda ukawapunguzia watu wazima wasiwasi, maumivu na uchovu. Walisema huenda, wala hawakusema kwamba huondoa saratani.

Wasomaji wetu waijua habari ya Daudi na mfalme Sauli katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Katika shule za Jumapili husimuliwa kana kwamba kinubi kilimponya Sauli. Yafaa kuisoma tena polepole. Katika sura ya 16 Daudi alipopiga kinubi Sauli aliburudika, na ile roho mbaya ikamwacha. Lakini ilirudi, naye akahitaji kupigiwa tena. Na katika sura ya 18, kinubi kikiwa kinalia, Sauli aliushika mkuki akamtupia mpigaji. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alipona. Mwandishi wa kale alijua kwamba saa moja ya kuburudika ni kitu cha kweli, chenye kustahili kuandikwa, hata kama siku iliyofuata ilikuwa mbaya. Sisi ndio tutakao kila hadithi imalizike kwa mgonjwa kuruka na kwenda zake.

Hapo twarudi kwenye swali letu. Wako wasemao kwamba kitu kisichoponya si dawa, na kumwimbia mgonjwa ni kumpotezea wakati, afadhali atafutiwe kidonge. Wengine husema kwamba kila kimtulizacho mtu ni dawa, kwa hiyo tuite hivyo, mgonjwa apate matumaini. Hata matumaini yasipokuwa na msingi yatamsaidia kuishi. Twaona wa kwanza ni wakavu, na hao wa pili ni wa hatari zaidi, ingawa maneno yao ni matamu.

Neno dawa katika lugha yetu ni pana. Kuna dawa ya viatu, wala haiponyi kiatu. Kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba hakuna udanganyifu kuuita wimbo dawa. Lakini neno halina maana ile ile katika kila sikio. Kwa fundi wa viatu dawa ni rangi ya kung'arisha. Kwa mtu aliyelala mwaka wa nne, dawa ni ahadi. Anayemwambia, Hii ni dawa yako, amemwambia, Utainuka. Na ahadi isipotimia lazima awepo wa kulaumiwa. Tumeona kwamba mara chache sana aliyetoa ahadi hulipa. Anayelipa ni mgonjwa. Katika ngoma za kupunga pepo, zijulikanazo sana pwani, mgonjwa asiyepata nafuu huweza kuambiwa kwamba pepo wake hajaridhika bado, yatakiwa ngoma nyingine na gharama nyingine. Wala sisi tusijisifu juu ya wenye ngoma. Tumesikia mtu akiimbiwa na kuombewa, na alipokuwa haponi akaambiwa kwamba imani yake ni haba. Wale wa mazoezi ya Uingereza nao waliwaambia wagonjwa kwamba hawakujitahidi ipasavyo. Watu wa namna tatu, elimu tatu mbalimbali, na neno moja kwa mgonjwa: Sisi tumefanya yetu, kosa ni lako.

Kwa hiyo hukumu yetu ni kwamba kumwimbia mgonjwa ni halali na ni wema, ila wimbo upewe jina lake la kweli. Uitwe faraja. Mtu akimwambia mgonjwa, Sijui la kukuponya, lakini naweza kukaa nawe robo saa nikaimba kwa sauti ndogo ukipenda, hapo hakuna ahadi iliyovunjwa hata kama mgonjwa hatainuka kamwe. Tena hakuna mgonjwa aliyeshindwa.

Labda msomaji atasema kwamba tumeushusha wimbo, tukiuita faraja tu. Neno hilo tu ndilo tunalolikataa. Katika nchi ya wakulima mtu hupimwa kwa jembe. Tunayo mithali, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nayo ni mithali njema kwa wageni wenye afya. Lakini tumeizoea mno, hata kila kitu apewacho mgonjwa twakipima kwa swali moja: Je, ameshika jembe? Chakula, dawa, maombi, wimbo, vyote twavihesabu kuwa vimepotea kama hakushika. Yeye mwenyewe hapimi hivyo. Yeye hupima kwa saa. Nusu saa ambayo maumivu yalikaa mbali kidogo, ambayo hakuwaza shamba lililoota majani wala watoto wanaolala mapema kwa njaa, ni nusu saa aliyoishi. Hatumwulizi mtu aliyekunywa maji kama kesho hataona kiu. Kwa nini basi wimbo uliomburudisha Sauli jioni moja uhesabiwe bure kwa sababu ya mkuki wa siku nyingine?

Tena kuna jambo ambalo wimbo hulifanya na maneno hayawezi. Kila mgeni aingiaye kwa mgonjwa huleta kazi. Huuliza, U hali gani? na mgonjwa yampasa ajibu. Huuliza amekula nini, amekwenda kwa nani, mganga alisemaje; na yule ambaye maneno humpotea hutafuta jibu moja baada ya jingine, huku akijua kwamba kesho kutwa atalipa kwa mazungumzo hayo. Asipojibu ataitwa mwenye kiburi. Lakini wimbo ukiimbwa hautaki jibu. Mgonjwa aweza kufumba macho. Aweza kugeukia ukutani. Ni kama kutembelewa bila kudaiwa, na kwa mtu aliyekaa miaka bila mtu wa kumsadiki, kutembelewa hivyo si kitu kidogo.

Waliofundishwa kazi hii wajua hayo. Huko Marekani chuo cha Michigan State kilianza kufundisha uganga wa muziki kwa shahada mwaka 1944, na katika miaka hiyo hiyo Daktari Ira Altshuler, aliyewatibu wagonjwa wa akili katika jimbo hilo la Michigan, alifundisha kwamba muziki wa kwanza ufanane na hali ya mgonjwa ilivyo, wala si ilivyotakiwa kuwa. Mwenye huzuni aanziwe kwa mwendo wa huzuni, na mabadiliko yaje polepole baadaye. Solomoni alikwisha kulisema jambo hilo katika Mithali, sura ya 25, alipomfananisha amwimbiaye mwenye moyo mzito na mtu avuaye nguo siku ya baridi. Mganga wa muziki aliye fundi kweli hutumia saa nyingi akisikiliza kuliko akiimba. Hilo laweza kuwashangaza walimu wetu wa kwaya, ambao baadhi yao hudhani kwamba ubora wa wimbo ni kusikika ng'ambo ya mto.

Na kuna wagonjwa ambao kwao hakuna wimbo wo wote ufaao. Tumetaja kwamba wengine hawavumilii sauti. Kwao kijiko kikigonga sahani ni maumivu, na mlango ukipigwa ni kama kupigwa wenyewe. Bibi Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Uingereza, aliugua homa kali vitani Krimea mwaka 1855, na baada ya kurudi kwao alikaa miaka mingi akifanya kazi zake kitandani. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Mei, imekuwa siku ya kuwakumbuka wenye ugonjwa huu wa uchovu. Katika kitabu alichokiandika mwaka 1859 juu ya uuguzi mna sura nzima ya habari za makelele. Asema kwamba sauti ya ghafula humdhuru mgonjwa kuliko sauti kubwa, na ya kuwa kunong'ona nje ya mlango wake ni ukatili, maana hujitesa kutaka kusikia. Kwa habari ya muziki asema kwamba sauti ya mtu na vyombo vya nyuzi, ambavyo mlio wake huendelea bila kukatika, kwa kawaida humfaa mgonjwa, bali kinanda cha kugonga humchosha. Huenda mambo hayo mengine si kweli kwa kila mtu, lakini twampenda kwa sababu aliandika kama mtu aliyewahi kulala upande ule wa mlango.

Basi kwa kwaya ziendazo kuwaimbia wagonjwa Jumapili mchana twatoa shauri hili, wala si refu. Asiende mtu na ngoma, wala wasiende watu ishirini. Siku moja mbele atumwe mtu mmoja, mwenye sauti ndogo, aulize kama mgonjwa apenda kuimbiwa, na wimbo gani, na saa gani ya siku humwia nyepesi. Na akisema hapendi, neno hilo lisipelekwe kisimani kuzungumzwa. Akikubali, waende wawili au watatu. Wasimame nje karibu na dirisha kama mlango ni mdogo, waimbe polepole wimbo mmoja, au miwili kama aliomba miwili, bila makofi. Wasimwambie aitikie. Wasiseme maneno ya kumtia moyo ainuke, wala wasingoje shukrani, maana kushukuru nako ni kazi. Kisha waende. Kesho kutwa mmoja wao apite tena, asiulize kama wimbo ulipendeza, bali kama ulimgharimu. Akijibu kwamba ulimgharimu, juma lijalo wamchotee maji tu, waiweke ndoo mlangoni kimya kimya, waende zao.